Mamba Anatoka Ijumaa

Jumatatu, tarehe 3

Assalaam aleikum, mdogo wangu. Hujambo? Wanao hawajambo? Na lile goti, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ila moyo wangu ndio haujatulia. Maneno yako nimeyashika: nikipiga simu nazungumza mpaka salio linakwisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo niandike siku kwa siku, kisha nikutumie kurasa zote kwa pamoja. Haya, nimeanza. Usimsomee mtu. Hasa mumeo. Mwema, lakini hana kifua.

Leo Mkurugenzi kaita mkutano. Kasema makumbusho yetu yanakufa. Watu hawaji. Hilo siwezi kubisha. Wiki iliyopita ukumbini kwangu kaingia bwana mmoja tu, naye alikuwa anakimbia mvua. Nikamweleza habari za yule mamba wetu mkavu aliyejazwa pumba, tangu mwanzo. Mvua ikakatika, naye akaondoka mimi bado nimenyoosha kidole.

Dawa, kasema Mkurugenzi, ni televisheni. Kila Ijumaa jioni, baada ya taarifa ya habari, kipindi kifupi: kitu kimoja cha makumbusho, habari zake, basi. Na video za kwenye simu. Watu waonje wakiwa kwao, kisha waje wenyewe. Wasipokuja mpaka mwisho wa mwezi, ukumbi wangu unafungwa, unakuwa stoo ya viti vya mikutano. Na mimi nahamishiwa maegesho ya magari. Juani! Kuwaelekeza watu namna ya kurudi kinyumenyume.

Mimi, niliyekuwa na yule mamba tangu wewe hujaolewa.

Nikainua mkono. Nikauliza: mtu akishamwona mamba akiwa kwenye kochi lake, kavua viatu, atatoka kwake kuja kutafuta nini? Mkurugenzi akasema hilo ni swali zuri. Mdogo wangu, mkubwa akikuambia swali ni zuri, ujue jibu hana. Au analo, na hataki ulijue.

Bwana Tiketi, yule wa dirisha la tiketi, akasimama bila kuulizwa. Akasema yuko tayari kusimulia mbele ya kamera kwa sababu ana sauti. Sauti ya kusema "chenji huna?" siku nzima!

Najua dhana mbaya ni dhambi. Imamu kalirudia hilo mara ngapi. Lakini yangu si dhana. Ni uangalifu.

Jumanne, tarehe 4

Watu wa televisheni wamekuja. Mtangazaji, kijana wa tabasamu lisilofungwa, na binti wa kamera, suruali yake mifuko kila mahali. Mtu mwaminifu anataka mifuko yote hiyo ya nini? Lakini kanisalimia vizuri, shikamoo mama, kwa kuinama. Nikamwitikia. Nikazidi kuwa na wasiwasi.

Kwanza, binti katoa kamba ya kupimia. Kaivuta kutoka kwenye pua ya mamba mpaka kwenye kamera, kaandika. Kaivuta kutoka mkiani, kaandika. Nikajiuliza. Kiumbe hupimwa kwa ajili ya nguo au kwa ajili ya kaburi. Mamba havai nguo.

Pili, mtangazaji kasimama pembeni yake na kuanza kusema kwamba mamba huyu alikufa kwa uzee kwenye bwawa, akakutwa na watu waliokwenda kufua. Uzee! Miaka yote nawaambia wageni kwamba alimmeza mtoza ushuru pamoja na mkoba wake. Mkoba, nikiri kwako tu, uliingia baadaye, siku moja wageni walipokuwa wanapiga miayo. Lakini mtoza ushuru yumo tangu zamani. Nikaingia kati kusahihisha. Mtangazaji akaniambia kwa upole kwamba karatasi yake imeandikwa na wataalamu. Nikamuuliza kama wataalamu hao walikuwepo bwawani. Akatabasamu.

Basi nikaona mbinu ni moja. Nisimame kila wanapopiga picha. Mamba akionekana, nami nionekane. Hawawezi kumtangaza yeye na kuniacha mimi. Nikakaa mkiani. Binti akaniomba nisogee kidogo, naziba mkia. Nikahamia kichwani. Akaomba nisogee kidogo, naziba kichwa. Nikaenda katikati, nikapiga magoti kama ninafuta vumbi tumboni mwake. Ndipo nikamsikia akimwambia mwenzake, taratibu kabisa, kama mtu anayesema leo kuna joto:

"Haidhuru. Mama nimemkata kichwa."

Nikajishika shingo. Ipo. Nikatoka ukumbini, nikanywa maji.

Nyumbani nikamsimulia shemeji yako. Alikuwa na saa ya mtu mezani, kioo chake cha kukuzia jichoni. Akasema labda ni lugha ya kazi yao. Yeye kazi yake ni kufungua vitu vya watu, kwa hiyo hakuna linalomtisha. Nimesali, sasa nalala na kitambaa shingoni.

Jumatano, tarehe 5

Mdogo wangu, kaa chini kwanza.

Leo watu wa televisheni walikuwa ofisini kwa Mkurugenzi. Mlango umefungwa. Nikachukua ndoo na kitambaa, nikaenda kusafisha dirisha lake kwa nje. Si kazi yangu, lakini usafi ni sehemu ya imani. Nilikuwa nimelisugua mpaka linalia niliposikia sauti ya yule mtangazaji. Nakuandikia kama ilivyosemwa, sijaongeza hata chumvi:

"Mamba anatoka Ijumaa, baada ya habari. Mkia tumeukata, ulikuwa mrefu mno. Na yule mama wa ukumbi tumemwondoa kabisa, alikuwa anaziba kila kitu."

Na Mkurugenzi, mtu niliyemwombea dua alipougua:

"Sawa. Mrusheni tu."

Nikakaa juu ya ndoo. Ilikuwa na maji.

Sasa yapange wewe mwenyewe. Mamba anatoka. Jioni, watu wote wakiwa majumbani kwao mbele ya televisheni, hakuna wa kuona lolote njiani. Mkia umekatwa ili apite mlangoni. Mimi nimeondolewa kwa sababu naziba, yaani nalinda. Na Mkurugenzi anasema arushwe! Atarushwa wapi? Juu ya lori, bila shaka. Wanunuzi wa ngozi ya mamba hawakosekani. Mikoba, viatu, mikanda ya matajiri. Ndiyo maana walimpima.

Nikakimbia ukumbini nimelowa hivyohivyo. Mkia upo. Nikaukagua kwa vidole. Nikakuta mshono! Mshono unaozunguka mkia mzima, pale unapoungana na mwili. Basi nikajua. Mkia wa kweli wameshauchukua, huu ni wa bandia. Ila wameufanya kwa ustadi hasa, mpaka lile baka nililomwagia chai wakati fulani wameliweka palepale.

Nilipotoka nikakutana na Bwana Tiketi na begi kubwa jipya. Nikamuuliza limebeba nini. Akasema mashati, eti kama watamhitaji kwenye kamera awe na ya kubadilisha. Mashati! Na kwa nini aliona haya kuniambia? Yumo.

Kabla ya kufunga nimemwaga unga wa ngano sakafuni, kumzunguka mamba. Nimeupepeta uwe mwembamba kama vumbi. Atakayekuja kumnyemelea ataacha nyayo.

Alhamisi, tarehe 6

Nyayo zipo!

Nimefungua ukumbi asubuhi, nikazikuta. Ndara za kike, kisigino cha kushoto kimelika upande. Zinamzunguka mamba mara moja, zinarudi mlangoni. Nikazifuata nimeinama, nikivuka korido, nikipita bustani, mpaka kwenye bomba la maji, zikafutika. Nikaosha miguu yangu pale, nikaziangalia ndara zangu. Za kike. Kisigino cha kushoto kimelika upande.

Unaona ujanja wa watu hawa? Wamenunua ndara kama zangu ili nishukiwe mimi.

Hapo nikaona nikizubaa nimekwisha. Ukumbi bila mamba una nini? Vyungu, nyavu, na picha ya daraja. Wataufunga siku hiyohiyo. Nikasali rakaa mbili za kuomba mwongozo, na kabla sijakunja mswala jibu likanijia. Mamba nimhamishe mimi kabla yao.

Kule nyuma ya korido kuna choo cha wageni kisichotumika siku nyingi. Mlangoni kuna karatasi: KIMEHARIBIKA. Hakuna anayekwenda. Mlango wenyewe nimeukuta umeegeshwa tu, na ufunguo uko kwenye kabati langu la mafagio. Mamba yuko juu ya ubao wenye magurudumu, na magurudumu yanapiga kelele, kwa hiyo nikayapaka mafuta yangu ya nywele, chupa nzima. Nikamfunika kwa shuka la meza ya mikutano. Nikamteremsha polepole kutoka kwenye jukwaa lake fupi, nikamsukuma.

Kona ya korido ikanitesa. Pua ikipita, mkia unagoma. Nilikuwa namzungusha kidogokidogo, natokwa jasho, Bwana Tiketi akatokea. Akatazama shuka. Akatazama pua. Akauliza kuna nini. Nikamjibu mchwa. Nampeleka mamba kwenye hewa. Sikudanganya sana, mchwa wapo duniani na hewa ipo korido. Akavua koti akasema nikusaidie, mama, wewe shika kichwa.

Mtu aliyetaka kuchukua usimulizi wangu mkutanini, leo anataka kunisaidia kusukuma mamba! Nikamwambia ahsante, Mungu amlipe, aende dirishani kwake kuna mgeni. Mgeni hakuwepo, lakini alikwenda mbio kwa furaha, nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Mamba yumo chooni, nimemwingiza kinyumenyume, mkia kwanza. Nikavuta mlango, ukajifunga wenyewe kwa mlio mzuri, kak. Ufunguo nimeuficha ninapoficha vitu vyangu, unapajua.

Jukwaa lake nimelizungushia mapazia. Nimeandika: TAFADHALI SUBIRI.

Ijumaa, tarehe 7

Ndiyo siku yenyewe. Nimefunga saumu ya sunna. Shemeji yako kaniuliza ya nini, nikamwambia ya kumshukuru Mungu mapema.

Saa ya kufunga kazi, wenzangu wote wakaondoka haraka. Mkurugenzi kavaa tai. Bwana Tiketi anapiga mluzi. Kila mmoja kanipungia mkono, mama usichelewe, leo mamba anatoka. Wananiambia usoni! Nikawajibu kwamba tutaona kama atatoka.

Nikabaki. Nimekaa kwenye kiti changu nyuma ya pazia, ufagio wa mpini wa chuma mkononi. Jua likazama, nikafuturu tende na maji palepale. Ikafika saa ya habari. Ikapita. Kimya. Hakuna lori. Hakuna hatua. Nikachungulia dirishani: hata mlinzi wa geti hayuko getini, yuko kwenye kibanda chake kakodoa macho kwenye simu yake, anacheka.

Nikashinda, mdogo wangu! Nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sebuleni kwangu hapakuwa na pa kukanyaga. Majirani wote wamo. Mama wa nyumba ya pili, mkwewe, fundi cherehani wa barabarani, watu wazima wamekaa chini kwenye mkeka. Wote wakageuka kunitazama kwa pamoja. Nikafikiri kuna msiba. Shemeji yako ndiye aliyesema, bila hata kuondoa kioo jichoni:

"Mamba wako katoka. Kapendeza sana. Ila mkia hatukuuona."

Nikauliza katoka wapi. Akasema kwenye televisheni, atoke wapi tena?

Nikavua viatu polepole. Mama wa nyumba ya pili akanishika mkono, akasema yule kijana wa tabasamu mwishoni kawaalika watu wote waje kesho asubuhi wamwone mamba kwa macho yao, na yeye atakuja na ukoo mzima, je, nitawawekea nafasi ya mbele?

Nikasema inshallah.

Jumamosi, tarehe 8

Sijui nianzie wapi.

Foleni ilifika barabarani. Sijapata kuona kitu kama hicho. Watu wamevaa kama wanakwenda harusini. Bwana Tiketi kwenye dirisha lake, shati la kwanza limeshalowa jasho, anabadilisha la pili. Mkurugenzi anapeana mikono na kila mtu hadi na mti. Binti wa kamera anapiga picha foleni.

Nikakimbilia kule nyuma. Nikatia ufunguo, ukazunguka. Ukazunguka tena. Ukawa unazunguka tu kama kijiko kwenye chai. Mlango kimya. Ndipo nikaisoma ile karatasi upya. Miaka yote nilidhani kilichoharibika ni choo. Kumbe ni kitasa!

Nikausukuma mlango kwa bega. Nikausukuma kwa mgongo. Nikasoma dua ninazozijua na nyingine nusu. Ukumbini watu wamejaa, nasikia wanauliza pazia litafunguliwa lini. Nikarudi mbio, nikamkuta Mkurugenzi analifungua mwenyewe, kwa madaha.

Jukwaa tupu.

Nilimwona rangi inavyomtoka. Sitasahau. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na habari yoyote ya lori, wala ngozi, wala mikoba. Mtu mwizi hawezi kupauka namna ile. Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema televisheni ni uongo mtupu, wengine wakaanza kugeuka kuelekea mlangoni. Nikaona maegesho ya magari yananisubiri.

Nikamnong'oneza Bwana Tiketi, aliyekuwa ameingia kuchungulia, amlete fundi seremala wa jirani, upesi, kwenye kile choo. Akafungua mdomo kuuliza. Nikamwambia baadaye. Akaenda. Nami nikapanda jukwaani, mahali pa mamba, nikaanza kusimulia.

Mdogo wangu, sijapata kusikilizwa hivyo maishani mwangu. Nikawaambia habari za mtoza ushuru. Nikatia mkoba. Walipokuwa bado wanataka, nikatia baiskeli. Nikawaonyesha kwa mikono jinsi gurudumu la mbele lilivyokwama kooni. Wakacheka mpaka wakashikana. Mzee mmoja akasema mbona jana kwenye televisheni tuliambiwa alikufa kwa uzee. Nikamjibu:

"Kwa uzee ndiyo, baba. Lakini kabla ya uzee alikuwa na shughuli zake."

Hapo ukasikika mshindo wa mlango. Watu wote wakamiminika koridoni, mimi mbele. Fundi kaung'oa mlango wote. Na mimi magurudumu nilikuwa nimeyapaka chupa nzima ya mafuta, na sakafu ya kule inateremka. Mamba akatoka. Mwenyewe! Pua kwanza, shuka mgongoni kama bwana harusi, anateleza bila sauti kuwaelekea watu. Vilio! Fundi akakumbatia ukuta. Bwana Tiketi akapanda juu ya beseni la kunawia mikono, nalo likamshusha. Kwenye fremu ya mlango mkia ukanasa, ule mshono ukaachia, mkia ukabaki chooni, mamba akaendelea na safari yake. Akasimama mbele ya viatu vya Mkurugenzi.

Pumba zinamwagika taratibu.

"Nani kamweka mamba chooni?" akauliza Mkurugenzi.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimefunga jana, na saumu bado ilikuwa mwilini.

"Ni mimi. Nilisikia anatoka Ijumaa. Nikasikia mmemkata mkia. Na mimi mmeniondoa."

Binti wa kamera akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni na kamera yake mapajani, inaendelea kuwaka. Watu nao wakaangua kicheko. Mama wa nyumba ya pili alikuwa analia machozi, ananiita jina langu. Mkurugenzi hakucheka. Akaniambia nimwone Jumatatu.

Jumapili, tarehe 9

Siku ya mapumziko, lakini nilikwenda kazini. Geti la mbele limefungwa, nikapita maegesho. Nikatafuta kiti cha plastiki, nikakaa katikati ya ile mistari myeupe, nijaribu.

Jua kali. Hakuna anayekuuliza kitu. Akaingia bwana mmoja na gari lake, alikuwa anataka tu kugeuza. Nikasimama nikamwelekeza, njoo, njoo, njoo. Akagonga chungu cha maua. Akaondoka bila kuniaga.

Nilikaa pale nikafikiri. Nikuambie kitu ambacho shemeji yako sijamwambia. Ukumbi ule si wa kupendeza sana. Unanuka vumbi na dawa ya nondo. Lakini ndio mahali pekee ambapo naanza kusema na mtu ananitazama. Nyumbani shemeji yako ni mtu mwema, ila anasikiliza saa. Watoto wameshakua. Wewe uko mbali. Mamba angalau amefungua mdomo kama mtu anayetaka kujibu.

Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa dhana zangu zote za wiki hii. Nimezitaja moja moja. Ile ya ndara tu ndiyo nimeiacha, bado sijaridhika nayo.

Jumatatu, tarehe 10

Alhamdulillahi!

Nimeingia ofisini nimevaa nguo yangu ya Idi, ili kama ni kufukuzwa nifukuzwe nimependeza. Mkurugenzi alikuwa na simu mbili mezani, zote zinalia. Kumbe tangu Jumamosi watu wanapiga. Wanauliza mamba wa chooni ataonekana lini tena, na yule mama wa baiskeli atakuwepo?

Hakunifukuza. Ukumbi haufungwi. Siendi maegesho. Fundi cherehani atamshona mkia. Lakini kwanza akaniweka chini kama mwanafunzi, akanieleza neno kwa neno. Watu wa televisheni wakisema kitu kinatoka, maana yake kinaonyeshwa. Wakisema wanarusha, wanakipeleka hewani. Wakisema wamekata, wamepunguza picha. Wakisema wamemwondoa mtu, haonekani tena kwenye picha, hakuna aliyemgusa. Nikamwomba arudie. Akarudia, akipumua kwa nguvu. Kisha akaniambia siku nyingine nikisikia neno nisilolielewa, niulize.

Nikamwapia. Nikatoka nimetua mzigo. Bwana Tiketi akanipa pole na hongera kwa pamoja, kanunua na juisi. Mguu wake umefungwa bandeji kwa sababu ya lile beseni. Nikampa mkono kwa moyo safi. Juisi sikuinywa.

Jumanne, tarehe 11

Mdogo wangu, nakuandikia haraka, kurasa hizi lazima zipande gari la posta leo.

Sasa mimi najua lugha yao yote. Kutoka, kurusha, kukata, kuondoa. Hakuna neno litakalonibabaisha tena. Asubuhi nilikuwa nasafisha dirisha la Mkurugenzi, kwa nje, maana Jumatano ile nililiacha nusu, na ndani alikuwa na binti wa kamera. Nikasikia:

"Yule mama na mamba wake wa chooni, tumpandishe kesho, mtandao ukiwa na nguvu. Nchi nzima itamwona."

Mkurugenzi akasema sawa, mpandishe, hata leo.

Wananipandisha cheo! Na kuuliza niulize nini hapo? Kupanda ni kupanda. Hilo la mtandao silipendi, unajua wakubwa wana mitandao yao ya kubebana, na huyo binti sijui ana ndugu gani huko juu mwenye nguvu namna hiyo. Lakini kama Mungu kaamua riziki yangu ipitie kwao, mimi ni nani?

Nimeshamwambia Bwana Tiketi kwamba kuanzia kesho aniite Msimamizi. Akauliza msimamizi wa nini. Wivu huo! Nimeona anataka kwenda kumuuliza Mkurugenzi, bila shaka kunichongea, kwa hiyo nimemfungia kwenye chumba chake cha tiketi kwa muda, mpaka barua yangu itoke. Kiti cha kuzunguka cha pale mapokezi nimeshakihamishia ukumbini. Majirani nimewaalika kesho jioni waje kunipongeza, na shemeji yako nimemwambia avae koti.

Sasa nimebanwa na jambo moja. Nguo ya kushona: ya buluu iliyokolea, au ile ya kijani uliyoniletea? Msimamizi anatakiwa aonekane mtu mzima lakini asiogopeshe wageni. Nijibu upesi, mdogo wangu, fundi cherehani anangoja na mkia wa mamba bado hajaumaliza.

Dada yako akupendaye.